Alama ya Pigo

Mazungumzo ya leo yanatupeleka Japani, na yanaanza na mchuuzi wa nato.

Nato ni soya zilizochemshwa, zikaachwa zichache mpaka zikatoa utelezi na harufu. Wajapani huzila na wali asubuhi. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia, kijana mmoja aliyekuwa mwanamaji vitani, Aizawa Tadahiro, alikuwa akichuuza nato na vikorokoro vingine katika vijiji vya mkoa wa Gunma, kaskazini ya Tokyo. Shule hakusoma sana. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akapelekwa kufanya kazi dukani Tokyo. Kitu kimoja alikuwa nacho tangu utotoni, nacho ni kupenda kuokota vipande vya vyungu na mawe ya watu wa kale. Basi katika mizunguko yake ya biashara alipita mahali paitwapo Iwajuku, ambapo barabara imekatwa kati ya vilima viwili na kingo zake zikabaki wazi, udongo mwekundu umesimama kama ulivyochimbwa. Ndani ya udongo huo akaona vijiwe vidogo, vyembamba, vyenye makali.

Udongo huo mwekundu ndio uliofanya jambo hilo kuwa zito. Ni majivu ya volkano, yaliyomwagwa na milima kama Asama na Haruna upande wa kaskazini, na Fuji na Hakone upande wa kusini, kwa maelfu ya miaka. Wasomi wa wakati ule walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba majivu yaliponyesha Japani haikuwa na watu. Historia ya binadamu visiwani, walisema, inaanza na watu wa Jomon, wafinyanzi wa vyungu vyenye alama za kamba, na vyungu hivyo hupatikana katika udongo mweusi wa juu. Kwa hiyo mchimbaji alipofika kwenye wekundu, aliweka jembe chini na kazi ikaishia hapo. Ukishaamua kwamba chini hakuna kitu huchimbi, na usipochimba huoni kitu, halafu kutoona huko kunageuka kuwa ushahidi. Nchi nzima ilizunguka ndani ya duara hilo.

Aizawa hakuwa na profesa wa kumwambia aache. Aliendelea kurudi pale. Kiangazi cha mwaka 1949 akatoa katika ukingo ule ncha ya mkuki iliyochongwa kwa obsidiani, nzima, imekamilika. Sasa hapakuwa tena na nafasi ya kusema labda ni mawe yaliyojivunjikia. Alikwenda Tokyo, safari aliyozoea kuifanya kwa baiskeli, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, akawaonyesha watu wa Chuo Kikuu cha Meiji. Septemba mwaka huohuo, timu ya chuo ikiongozwa na Sugihara Sosuke ikaja kuchimba Iwajuku, na zana zikatoka katika udongo mwekundu mbele ya macho yao. Mlango ukafunguka. Katika taarifa za mwanzo jina la mchuuzi lilisukumwa pembeni, chuo kikasimama mbele. Heshima ilimfikia baadaye, miaka ya 1960, alipotunukiwa Tuzo ya Yoshikawa Eiji. Tangu Iwajuku, Wajapani wamechimba maelfu ya maeneo ya Zama za Mawe za Kale.

Lakini swali ninalotaka tulikalie leo ni hili. Yule kijana alijuaje? Barabarani kuna mawe mangapi yaliyovunjika? Gari hupasua jiwe, baridi hupasua jiwe, mto huyagonganisha mchana na usiku. Nini kinamwambia mtu kwamba kipande hiki kilitoka mkononi mwa binadamu?

Jibu limo ndani ya jiwe lenyewe. Mawe yanayofaa kuchongwa hayana chembe kubwa wala mishipa ndani yake, na nguvu hupita humo pande zote kwa usawa. Obsidiani ni kioo cha volkano, lava iliyopoa haraka kabla haijaganda kuwa fuwele. Wasikilizaji wa Naivasha na Eburru wanalijua jiwe hilo jeusi linalong'aa, maana watu wa kale wa Bonde la Ufa nao walilichonga. Ukiligonga karibu na ukingo, pigo halipasui kwa mstari ulionyooka. Nguvu hupanuka kutoka mahali ulipogonga kwa umbo la koni, kisha hukimbia ndani ya jiwe na kutokea upande wa pili, ikibandua kibanzi. Kibanzi hicho hutoka na kovu la kuzaliwa kwake. Juu kuna kijukwaa kidogo palipogongwa. Chini yake, upande wa ndani, kuna uvimbe, nundu ya pigo. Na kutoka kwenye nundu hiyo mawimbi hafifu yanaenea hadi mwisho wa kibanzi. Pitisha kidole gumba utayahisi. Jiwe mama, yaani lile lililogongwa, hubaki na kibonde kinacholingana kabisa na ile nundu.

Mto nao unaweza kutoa nundu, tusidanganyane. Pigo moja la bahati mbaya linaweza kumdanganya hata mtaalamu. Kitu ambacho mto hauwezi ni kurudia. Mchongaji hupiga, hugeuza jiwe, hupiga tena mahali alipokwisha kupaandaa. Kovu la pili hukata ukingo wa kovu la kwanza, la tatu hukata la pili, na kwa sababu hiyo mtu anayejua kusoma anaweza kueleza ni pigo gani lililotangulia na lipi lilifuata, kama mchongaji mwenyewe alivyoyafuatanisha miaka 30,000 iliyopita. Kwangu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika akiolojia. Chungu hukuonyesha kilichokamilika. Jiwe hukuonyesha kazi ikiendelea, hatua kwa hatua, pamoja na makosa.

Na makosa ni mengi, kwani kazi hii haina kurudi nyuma. Ukingo unaogongwa lazima uwe na pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Ukizidi hapo, pigo linapotelea ndani na jiwe linaharibika. Ukingo wenyewe ukiwa mwembamba mno utasagika kabla kibanzi hakijatoka, hivyo mchongaji huusugua kwanza kwa jiwe la mchanga ili uwe na nguvu ya kupokea. Kwa mapigo ya kwanza, ya kuondoa ganda, alitumia jiwe la mviringo la mtoni. Alipotaka vibanzi vyembamba na virefu aliweka jiwe kando, akachukua pembe ya kulungu, maana pembe huuma ukingo kidogo kabla ya kusukuma. Na katika kazi za mwisho hakugonga kabisa. Aliweka ncha ya pembe ukingoni, akakandamiza kwa uzito wa mwili, kibanzi kikaruka kwa sauti ndogo, kisha kingine, kisha kingine.

Sasa, Japani ni nchi ndefu, na mawe yake hayafanani. Kaskazini, Hokkaido, kuna Shirataki, mahali penye obsidiani nyingi kiasi kwamba watu wa kale waliacha huko taka za mamilioni ya vipande. Mikoa ya Tohoku ilitegemea shale ngumu. Katikati, milima ya Nagano ina obsidiani yake. Na magharibi, kuizunguka Bahari ya Ndani ya Seto, walikuwa na sanukaiti, jiwe jeusi lisilong'aa, ambalo ukilining'iniza na kuligonga hulia kama kengele. Kila jiwe lilidai adabu yake.

Chukua sanukaiti. Hupenda kupasuka katika mabamba mapana. Wachongaji wa Seto hawakushindana na tabia hiyo, wakaifanya kuwa mbinu. Walitoa bamba nene, wakachonga upande wake mmoja mrefu uwe na mteremko kama paa la nyumba, kisha wakapiga kileleni mwa paa hilo. Kibanzi kilitoka kipana kuliko urefu wake, kwa umbo la bawa, na ukingo mmoja wote ni makali. Wakatengeneza kilele upya, wakapiga tena, bawa lingine. Bamba moja lilitoa mabawa kadhaa yanayofanana karibu kama ndugu. Baada ya hapo walilemaza ukingo wa nyuma kwa vipigo vidogovidogo ili usimkate anayeshika au usikate kamba ya mpini, na kisu kikawa tayari. Wengine husifu zaidi ncha za mikuki zilizochongwa pande zote mbili kwa sababu zinapendeza machoni. Mimi nasimama na visu vya Seto. Pale mtu alilisikiliza jiwe kwanza, akaamua baadaye.

Hokkaido walikuwa na akili ya namna nyingine, na huko tukae kidogo, maana mbinu yao inayoitwa Yubetsu, kwa jina la mto wa huko, ni ya kushangaza. Kwanza mchongaji alitengeneza kitu kilichofanana na ncha kubwa ya mkuki, umbo la jani, kimechongwa pande zote mbili kwa uangalifu. Ungedhani amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Alikigonga kwenye ncha yake kwa urefu, akalipasua jani hilo ukingoni mwake. Kipande cha kwanza kilitoka chenye pembe tatu. Vilivyofuata vilikuwa virefu na bapa, na wataalamu wa Japani huviita vibanzi vya skii, kwa kuwa vinafanana na mbao za kutelezea thelujini. Kilichobaki kikawa na umbo la mashua, uso wake wa juu tambarare. Hapo akahamia mwisho mmoja wa mashua na kuanza kukandamiza vibanzi vidogo, vyembamba, vyenye upana wa milimita chache na kingo mbili zilizonyooka, kimoja baada ya kingine.

Vibanzi hivyo vidogo peke yavyo havifai kitu. Vilipangwa katika mfereji uliochongwa ubavuni mwa mfupa au pembe na kugandishwa kwa utomvu, ukapatikana mkuki wenye mwili usiovunjika kirahisi na makali ya kioo. Kibanzi kimoja kikivunjika, mwindaji alikitoa akatia kingine, jinsi mtu anavyobadili wembe. Fikiria maana yake katika baridi ya Zama za Barafu, theluji imefunika miamba yote na machimbo ya obsidiani yako mwendo wa siku nyingi. Jiwe mama moja la ukubwa wa kiganja lilikuwa akiba ya msimu. Japani, vibanzi hivyo vinaonekana mapema zaidi huko Hokkaido, miaka ipatayo 25,000 iliyopita, wakati wa baridi kali kuliko zote, na sidhani kwamba hilo ni bahati tu.

Tunajuaje hatua zote hizo? Kwa subira ya watu wanaokaa mezani na vipande vilivyochimbuliwa na kuvirudishia kimoja kwa kingine. Kovu likikutana na nundu yake, vinakaa barabara, hakuna ubishi. Huko Shirataki wamerudishia vipande hivyo hadi bonge la obsidiani likasimama tena kama lilivyookotwa. Na mara nyingine, vipande vyote vikisharudi mahali pake, ndani ya bonge kunabaki uwazi. Uwazi huo ndio zana. Mtu aliichonga pale, akaondoka nayo, na taka alizoziacha ndizo zinazotuonyesha umbo la kitu alichokwenda nacho. Mwaka 2023 serikali ya Japani ilivitangaza vitu vya Shirataki, karibu 2,000 kwa idadi, kuwa Hazina ya Taifa. Vipande vingi kati ya hivyo mchongaji mwenyewe alivitupa, hakuvitaka tena.

Utauliza, kwa nini tunahangaika na mawe tu? Mifupa iko wapi? Majivu ya volkano yana asidi, nayo hula mifupa, pembe, ngozi na miti. Ukiacha mapango ya chokaa ya Okinawa, ambako mifupa ya watu imepatikana, visiwa vikubwa vya Japani vimetuachia mawe na karibu hakuna kingine. Lakini majivu yaliyokula mifupa yametulipa kwa njia nyingine. Miaka ipatayo 30,000 iliyopita, volkano kubwa mno ililipuka kusini mwa Kyushu, mahali ambapo leo ni ghuba ya Kagoshima, na majivu yake yakatua karibu Japani nzima. Mwaka 1976, wanasayansi Machida Hiroshi na Arai Fusao walionyesha kwamba tabaka lile jembamba linaloonekana huku na kule ni mlipuko mmoja. Tangu siku hiyo mchimbaji popote nchini akikuta tabaka hilo anajua kilicho chini yake ni cha kabla, kilicho juu ni cha baadaye.

Chini ya tabaka hilo kuna vitu viwili ninavyopenda kuvitaja. Cha kwanza ni shoka. Kote duniani tumezoea kufundishwa kwamba kusaga na kunoa jiwe ni alama ya zama za kilimo, na kuchonga kwa kugonga ni kwa watu wa kabla yao. Japani haitaki mpangilio huo. Shoka zilizogongwa kwanza na kisha makali yake kunolewa juu ya kinoo zimepatikana huko kwa mamia, za zamani kiasi cha miaka 38,000, na Australia peke yake ndiyo yenye habari kama hiyo kwa ukale huo. Karibu na Ziwa Nojiri, Nagano, zilitoka kwa makumi mahali pamoja. Kilimo hakikuwapo. Mti ulikuwapo wa kukata, na ngozi ya kukwangua, na yeyote aliyewahi kutumia shoka butu ataelewa kwa nini walitafuta kinoo.

Cha pili ni obsidiani ya Kozushima. Kila chimbuko la obsidiani lina mchanganyiko wake wa elementi, na kwa mionzi ya eksirei mtaalamu anaweza kusema kipande hiki kimetoka mlima upi bila kukivunja. Katika maeneo ya zamani kabisa ya bara, upande wa Shizuoka na Tokyo, kumepatikana vipande vilivyotoka Kozushima. Kozushima ni kisiwa kusini ya rasi ya Izu. Hata bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 wakati maji yamefungwa katika barafu, kisiwa hicho hakikuungana na bara. Basi walikwenda kwa vyombo vya majini, na walirudi, tena si mara moja, kwa sababu jiwe hilo liliendelea kufika. Sisi wa mwambao tunajua kwamba kwenda ni nusu ya safari. Atakayerudi na mzigo lazima ajue mkondo, upepo na saa ya kuondoka.

Sasa niingie katika aibu, kwani bila hiyo habari haijakamilika.

Baada ya Iwajuku kila mtu alitaka kwenda chini zaidi. Kama palikuwa na watu kabla ya Jomon, kwa nini pasiwe na watu miaka 50,000, 100,000 iliyopita? Katika miaka ya 1980 akajitokeza Fujimura Shinichi, naye pia si msomi, mfanyakazi wa kampuni aliyejitolea kwenye uchimbaji wa akiolojia mkoani Miyagi. Popote alipofika, zana zilitoka. Wenzake wakamwita mtu mwenye mikono ya Mungu. Miaka ikarudishwa nyuma, mpaka katika eneo la Kamitakamori ikatangazwa zaidi ya 600,000. Vitabu vya shule vikaandika. Vijiji vikajivunia. Halafu gazeti la Mainichi Shimbun likaficha kamera, na Novemba 2000 likachapisha picha za Fujimura, peke yake alfajiri, akifukia mawe ardhini ambayo baadaye angeyafukua mbele ya watu.

Lililoniumiza niliposoma habari zake si kamera. Mawe yenyewe yalikuwa yamekwisha kusema. Wakaguzi walipoyachukua baada ya kashfa waliona juu yake mistari ya kutu, alama za majembe ya chuma. Kitu kilicholala miaka laki kadhaa chini ya majivu kimekutana wapi na jembe? Yalikuwa mawe ya watu wa Jomon yaliyookotwa mashambani. Mengine yalikuwa yamechongwa kwa kukandamiza, mbinu ambayo kwa zama zile zilizodaiwa haikupaswa kuwapo popote duniani. Na mahali yalipolala hapakuwa na vibanzi vya taka pembeni, kana kwamba mtu anaweza kuchonga jiwe bila kumwaga taka. Mwaka 1986, wakati sifa zinapanda, wanaakiolojia Oda Shizuo na Charles Keally walikuwa tayari wameandika kwamba mambo haya hayakai sawa. Hawakusikilizwa. Watu walitazama kina cha shimo, hawakulitazama jiwe. Chama cha Wanaakiolojia wa Japani kilikagua upya hadi mwaka 2003, na maeneo zaidi ya 150 yakafutwa.

Kwa hiyo leo msingi imara unakaa kwenye miaka kama 38,000, na kutoka hapo kuja mbele ushahidi ni mwingi ajabu. Wapo bado wanaotafuta ya kale zaidi. Mwaka 2009 huko Sunabara, Izumo, katika mkoa wa Shimane, timu ya Matsufuji Kazuto wa Chuo Kikuu cha Doshisha ilitoa mawe madogo kutoka tabaka wanalolikadiria kuwa la miaka takriban 120,000. Hapa hakuna anayeshuku hila. Mabishano ni yaleyale ya barabarani Iwajuku: hii ni nundu ya pigo, au jiwe limejipasukia? Mawe yenyewe ni ya aina isiyoshika alama vizuri kama obsidiani, na ni madogo. Wapo wanaoona mkono wa mtu, wapo wanaoona kokoto. Mimi niko na hao wa kokoto, mpaka atokee mtu arudishie vibanzi viwili kutoka tabaka lilelile, kovu kwa nundu, vikae.